Tupeane uzoefu: uliwahi kutoa kadi kwenye kasha la gredi, ikawaje?

Kadi Moja: Wakuu, jana nimesikia plastiki ikipasuka moyo ukanilipuka, nikakumbuka siku niliyovunja kasha langu la kwanza, yale ya plastiki ambayo kampuni hufungia kadi ya kukusanya baada ya kuipima na kuipa gredi, 10 ikiwa ya juu. Mikono ilitetemeka mpaka nikaliweka mezani mara tatu. Kadi ilitoka salama, ila ule mlio sijausahau. Ninyi ilikuwaje?

Mzee wa Bisibisi: Ule mlio unatisha watu bure. Kasha la PSA, moja ya kampuni za kupima kadi, halishikwi kwa gundi. Nusu zake mbili huyeyushwa kwa mitetemo ya sauti zikaungana, kwa hiyo lazima lilie. Nimefungua zaidi ya thelathini. Kata pembe mbili za juu, upande wa lebo, kwa koleo ya kukatia, maana huko kadi iko mbali. Ingiza bisibisi bapa kwenye mwanya, izungushe. Usisukume! Ukisukuma umeifuata kadi.

Nyota ya Tisa: Kweli kabisa. Zungusha tu.

Asiye na Haraka: Mimi naliweka kwenye friza nusu saa kwanza, plastiki inakatika kirahisi.

Mzee wa Bisibisi: Hapana ndugu. Likitoka kwenye baridi linatoa jasho, na karatasi hunywa maji. Usiwafundishe watu hivyo.

Asiye na Haraka: Nimefanya mara sita, hakuna iliyoharibika.

Mzee wa Bisibisi: Ya saba utaileta hapa ukilia.

Dada wa Albamu: Naomba niseme yangu, maana hilo neno "usisukume" limenichoma. Kadi ya Pokémon, Charizard ya 1999, ile namba 4/102, ilikuwa ya kaka yangu. Aliituma mwenyewe kupimwa, ikarudi na 7, akaifurahia kama 10. Alipofariki ikabaki kwangu. Miaka miwili naitazama kupitia plastiki, na nilichotaka ni kushika kitu alichokishika yeye. Usiku mmoja nikachukua bisibisi, bila taulo, bila miwani, bila kumuuliza mtu. Pembe ya kwanza ikaachia vizuri. Ya pili ikagoma. Nikasukuma. Kasha likafunguka ghafla, bisibisi ikapita chini ya kadi, ikachana ukingo wa kushoto kama nusu sentimita, na kipande cha plastiki kikachora mstari juu ya bawa. Nikakaa sakafuni. Sikulilia bei. Nililia kwa sababu miaka yote aliyokuwa nayo hakuikunja hata pembe. Sasa iko kwenye kifuko laini, ndani ya albamu yake, ukurasa uleule aliouchagua. Huwa naitoa naishika. Ule mkwaruzo naujua kwa kidole, hata gizani.

Nyota ya Tisa: Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Kadi Moja: Pole dada yangu. Lebo yake bado unayo?

Dada wa Albamu: Ninayo, nzima.

Asiye na Haraka: Lebo ni vizuri irudi kwa kampuni iliyopima, hesabu yao ya kadi walizopima isibaki na kadi hewa.

Dada wa Albamu: Hiyo ya kaka siirudishi.

Mzee wa Bisibisi: Usiirudishe, mwanangu. Wanaovunja kutafuta gredi kubwa ndio warudishe, maana kadi moja ikipimwa mara nne hesabu inaonyesha nne. Na anayetaka kuhama kampuni tu asivunje: PSA hupokea kadi ikiwa ndani ya kasha la wengine, unaandika gredi ya chini unayoikubali, isipofika unarudishiwa ilivyo.

Nyota ya Tisa: Kasha la BGS, wapimaji wengine, lina mfuko mwingine ndani. Mnautoaje?

Kadi Moja: Usiivute kadi. Kata mfuko kwa mkasi pande tatu, pale pasipo na kadi, uufunue kama kitabu. Kadi iinue, usiiburuze.

Asiye na Haraka: Na funika kasha kwa taulo unapokata pembe. Kipande kiliwahi kuruka kikapiga kioo cha miwani yangu.

Nyota ya Tisa: Asanteni. Langu nalifungua Jumamosi, nikikwama nitawaita.