Naomba ushauri: rafiki yangu anataka kompyuta ya gemu iliyounganishwa tayari

Wakuu, habari zenu. Rafiki yangu amejibana mwaka mzima mpaka kafikisha milioni 2 na nusu, na Jumamosi anataka kwenda Kariakoo kuchukua kompyuta ya gemu iliyounganishwa tayari. Nimeiona. Taa zinapendeza, lakini ndani kuna kadi ya picha (inayochora gemu kwenye skrini) ya GTX 1650 ya GB 4, RAM moja tu ya GB 8, na pawa saplai (inayogawa umeme ndani ya kompyuta) isiyo na jina wala wati zilizoandikwa. Roho inaniuma.

Mimi namwambia aunge mwenyewe: prosesa ya Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi (bodi kuu) ya AM4 inayoipokea, RAM mbili za GB 8, kadi ya picha ya RTX 3060 ya GB 12 hata ikiwa ya mtumba, na pawa saplai ya uhakika ya wati 550. Umeme wetu mnaujua. Kwenye pawa saplai siwezi kunyamaza.

Yeye anaogopa kuunguza kifaa, na kukosa warantii ya duka moja. La kwanza nimemwahidi nitakaa naye hadi iwake. La pili sina jibu. Mliowahi kuunga, kifaa kilipokufa mlimalizana vipi na muuzaji? Na nimwambie vipi asione namdharau?