Ofa mbili za kazi, likizo mbili tofauti za uzazi: ungechagua ipi?

Rehani
Habari zenu wapendwa. Mimi na mume wangu tumeamua kutafuta mtoto, Mungu akijalia, na wakati huohuo nina ofa mbili za kazi mkononi. Mishahara inakaribiana sana, kwa hiyo likizo ya uzazi ndiyo itakayoamua.

Mwajiri wa kwanza anatoa wiki 26: wiki 10 za mwanzo kwa mshahara kamili, 16 zinazofuata kwa nusu mshahara. Sharti lake ni uwe umetimiza miezi 12 kazini kabla ya tarehe ya makadirio ya kujifungua. Wa pili anatoa wiki 16 tu, zote kwa malipo kamili, na ukishavuka miezi 3 ya majaribio unastahili. Moyo unanivuta kwenye hizo 26. Nina miaka 36, sina muda mrefu wa kusubiri. Mnaonaje?

Binti Karani
Hongera kwa uamuzi, dada. Nimefanya kazi idara ya rasilimali watu kwa miaka, na swali la kwanza ninalomwambia kila mtu aulize ni hili: mshahara kamili wa nini? Kwenye mikataba mingi maana yake ni mshahara wa msingi peke yake. Posho ya nyumba, ya usafiri, bonasi, vyote vinasimama siku unayoanza likizo.

Chukua karatasi upige hesabu. Wiki 10 kamili na wiki 16 za nusu ni sawa na wiki 18 za mshahara. Tuseme posho ni asilimia 30 ya unachopokea kila mwezi. Ukiziondoa, wiki 18 zinabaki kama 12 na nusu za kipato ulichozoea. Wa pili, iwapo analipa pamoja na posho, anakupa wiki 16 zilizojaa. Kwa fedha amempita mwenzake, ingawa kwa siku yuko nyuma wiki 10.

Halafu hilo sharti la miezi 12. Mimba huhesabiwa wiki 40 tangu hedhi ya mwisho. Ukishika mimba ndani ya miezi miwili ya mwanzo kazini, tarehe ya makadirio inaangukia kabla hujatimiza mwaka, na hizo wiki 26 huzipati. Utabaki na kile sheria ya nchi inachomlazimisha kutoa. Kwa umri uliotaja, je, uko tayari kuahirisha kwa ajili ya kifungu cha mkataba?

Mama Pacha
Binti Karani, hesabu yako sina ubishi nayo, ila mtoto hanyonyi mshahara. Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, na wiki 26 ni miezi 6 hiyohiyo. Sasa tazama wiki 16: ukipumzika wiki 4 kabla ya kujifungua, kama wengi wetu tunavyolazimika tumbo likishakuwa zito, unabaki na wiki 12 za kukaa na mtoto. Unarudi kazini ana miezi mitatu kasoro!

Mkataba wa 183 wa ILO, yaani Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2000, unataka angalau wiki 14, na 6 kati yake ziwe baada ya kujifungua. Hicho ni kiwango cha chini. Pendekezo namba 191 lililotoka pamoja nao linahimiza 18. Kwa hiyo huyo wa pili amevuka mstari kidogo tu. Nusu mshahara unaweza kuijazia kwa akiba mkianza kuweka leo. Wiki ambazo mwajiri hakukupa utazitoa wapi?

Jabali
Mimi ni baba wa wawili. Rehani, ulizeni na kwa mwajiri wa mumeo. Sisi tulipanga likizo yangu ianze siku ya mke wangu kurudi kazini badala ya wiki ya kujifungua, kwa sababu mama mkwe alikuwepo mwanzoni. Ilitusogeza mbele vizuri.

Nuru77
Naomba niongeze upande wa kurudi, maana hapo ndipo niliumia. Nilipewa likizo ndefu na nzuri. Niliporudi, wateja wangu wote walikuwa wamegawiwa wengine, cheo kilekile lakini kazi hakuna, na tathmini ya mwaka ikaandika kwamba sikufikia malengo. Malengo ya mwaka mzima, nami nilikuwa kazini nusu yake! Huo mkataba wa ILO unasema mama arudi kwenye nafasi ileile au inayolingana nayo kwa mshahara uleule. Ombeni kifungu hicho kiandikwe. Na kama unaweza, zungumza na mama aliyerudi kazini pale. Hakuna atakayekueleza ukweli zaidi yake.

Binti Karani
Nuru, pole sana. Umenikumbusha kifungu kingine: kurejesha fedha. Baadhi ya waajiri wanaolipa zaidi ya kiwango cha sheria hudai urudishe ile nyongeza ukiacha kazi ndani ya muda fulani baada ya likizo. Muulize wa kwanza. Na usiogope kuuliza, dada. Subiri ofa iwe imeandikwa, kisha omba mwongozo wa wafanyakazi wote, useme unataka kusoma masharti kabla ya kusaini. Huna haja ya kutaja mtoto.

Rehani
Asanteni sana, mmenifungua macho. Nimeomba miongozo yote miwili na nimesoma. Wa kwanza: mshahara wa msingi tu, na ukiondoka kabla ya miezi 12 tangu urudi unarudisha kila kilichozidi sheria. Wa pili: posho zimo, nafasi ileile imeandikwa, na kuna saa moja ya kunyonyesha kila siku inayohesabiwa kuwa muda wa kazi. Nimeelemea kwa wa pili, lakini maneno ya Mama Pacha yamenikaa. Nimemwandikia huyo mwajiri wa pili kuomba wiki 8 za nyongeza bila malipo ziingie kwenye mkataba, na mume wangu ataanza likizo yake hizo zikiisha.

Mama Pacha
Wiki 8 zikiandikwa, mwanangu, sina pingamizi tena. Hakikisha tu bima ya afya na michango ya pensheni vinaendelea katika hizo wiki zisizo na malipo. Wapo wanaokata bima mshahara unaposimama, na mtoto wa miezi minne ana chanjo na homa zake.