Binti yangu ana miaka 11, vipimo vimeonyesha ana hali ya Turner. Naombeni ushauri

MamaWawili:
Habari zenu ndugu zangu. Naandika watoto wamelala, mimi usingizi umenipaa.

Huwa nawapima wanangu urefu kwa kuchora mstari wa penseli kwenye fremu ya mlango. Mkubwa ana miaka 11, mdogo wake wa kike ana 8. Juzi mstari wa mdogo ulimpita dada yake. Mkubwa aliutazama, hakusema neno, akaenda zake kuosha vyombo. Hapo ndipo nikampeleka hospitali.

Walimtoa damu. Majibu yalipokuja daktari akaniambia kromosomu moja ya X haipo, hatazaa, akaita mgonjwa anayefuata. Nimerudi na karatasi iliyoandikwa 45,X na kichwa kizito.

Alipozaliwa nyayo zilikuwa zimevimba hata soksi hazipiti. Tuliambiwa zitanywea, na kweli zikanywea. Baadaye ikawa masikio, kila mara yanatoa usaha. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mambo hayo yana uhusiano.

Nilikosea nini nikiwa mjamzito? Nianzie wapi? Na mwenyewe nimwambieje? Baba yake anataka tunyamaze mpaka awe mtu mzima.

NesiWaZamu:
Pole mama. Pole zaidi kwa namna ulivyopewa majibu hayo.

Hukukosea popote. Binadamu ana kromosomu 46, yaani nyuzi ndogo ndani ya seli zinazobeba maelekezo ya mwili, na mwanamke kwa kawaida ana X mbili. Kwa mwanao moja ilipotea wakati mbegu au yai linatengenezwa, au mwanzoni kabisa mimba ilipotungwa. Si chakula, si dawa uliyomeza, si umri wako, na kwa kawaida hairithiwi. Humpata takriban mtoto mmoja kati ya wasichana 2,000 hadi 2,500 wanaozaliwa. Wengine wana mchanganyiko, seli nyingine zikiwa na X mbili na nyingine moja. Daktari Henry Turner wa Marekani aliieleza hali hii mwaka 1938, na chanzo chake kwenye kromosomu kikajulikana mwaka 1959.

Anzia kwenye moyo, tafadhali. Kimo ndicho kinachoonekana, lakini moyo ndio unaoweza kumdhuru kimyakimya. Baadhi ya wenye Turner huzaliwa mshipa mkuu wa damu, aota, ukiwa umebana sehemu fulani, au vali yake, yaani kilango cha kupitisha damu, ina vipande viwili badala ya vitatu. Aota ikitanuka bila kujulikana inaweza kuchanika. Kwa hiyo omba eko ya moyo, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, na apimwe presha, hata kama anacheza na kukimbia vizuri. Kisha apigwe picha ya figo, apimwe usikivu na tezi ya thairoidi.

Muulize pia daktari wa homoni kuhusu sindano za homoni ya ukuaji. Zinafaa mifupa ikiwa bado haijafunga, yaani bado inaweza kurefuka, kwa hiyo usikawie. Estrojeni, homoni ya kike, nayo huanza kwa dozi ndogo sana akiwa na miaka 11 au 12, ikiongezwa polepole, ili apevuke pamoja na wenzake na mifupa yake iwe imara.

Kiwiko:
Dada, mimi mwenyewe nina Turner, nina miaka 34. Jina langu hapa limetokana na viwiko vyangu, nikinyoosha mikono vinapinda kwenda nje. Mwangalie na wako.

Usimfiche. Mimi nilifichwa. Nikiwa na miaka 16 wenzangu wote wameshavunja ungo, mimi kifua bapa, nikadhani nina laana. Ukweli niliusikia mama akimnong'oneza shangazi jikoni. Ugonjwa niliusamehe mapema, ile siri ilinichukua miaka.

Mweleze kidogokidogo. Leo kimo na sindano, kesho homoni. Suala la uzazi aliulizapo, mjibu kweli: mayai yake huenda yameisha au ni machache sana, na zipo njia nyingine za kuwa mama. Wachache hupata mimba wenyewe, wengine kwa yai la kuchangiwa, ila moyo lazima ukaguliwe kwanza kwa sababu mimba huulemea.

Akili yake haina shida. Hesabu na ramani zilinitesa, kusoma na kuandika nilikuwa wa mbele. Akihangaika na hesabu msaidieni, msimwite mvivu.

MamaWawili:
Nimelia nikisoma, lakini nimepumua. Viwiko nimeviangalia, ni hivyohivyo.

Baba yake nilimsomea maneno ya Kiwiko. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema tumwambie pamoja. Jana jioni tulikaa naye. Nikamwambia mwili wake ulizaliwa na kitu kimoja pungufu ndiyo maana harefuki haraka, na kwamba kuna dawa. Akaniuliza, "Kwa hiyo si kwa sababu sili vizuri?"

Miaka yote tumekuwa tukimwambia amalize sahani ili akue. Nilimwomba radhi palepale.

Eko ni Alhamisi. Nitawaletea majibu.