Giaboksi isiyo na dipstiki: oili ibadilishwe au iachwe?

HOJA
Mark X na Toyota nyingine nyingi za otomatiki zinazoletwa kwetu kutoka Japani hazina dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, kwenye giaboksi. Zinatumia oili ya Toyota iitwayo WS. Fundi mmoja anakwambia hiyo oili ni ya maisha, ukiigusa giaboksi inakufa. Mwingine anakwambia kuiacha ndiko kunakoiua. Wanaoifahamu kazi hii waseme nani yuko sahihi, na watoe sababu.

FUNDI WA GIABOKSI, DAR ES SALAAM
Ibadilishwe. Oili haijui kama dipstiki ipo au haipo. Inapikwa kila siku ndani ya konveta, inayopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi, inabeba unga wa klachi pleti, zile sahani zinazoshika gia, na dawa zake za kuzuia povu na kutu zinaisha taratibu. Foleni ya mjini na joto letu vinaharakisha hayo yote. ZF wa Ujerumani, wanaotengeneza giaboksi za BMW, wanashauri wenyewe oili ibadilishwe kati ya kilomita 80,000 na 120,000 au baada ya miaka 8, ilhali wauza magari wanaiita ya maisha. Maisha ya nani? Mwenye gari la kwanza analiuza kabla shida haijaanza, na sisi ndio tunaolipokea.

FUNDI, NAKURU
Fundi mwenzangu, hapo umezungumzia gari lenye historia inayojulikana. Letu linakuja na kilomita ambazo huenda zimerudishwa nyuma. Klachi pleti zikishaisha, oili mpya haiwezi kuziotesha tena. Mteja analeta gari ambalo gia ya tatu inateleza, anataka oili tu, kesho yake rivasi inagoma na lawama zote ni za fundi. Halafu zile mashine za kusukuma oili kwa presha! Zinang'oa uchafu uliokuwa umetulia na kuupeleka kwenye valvu bodi, inayogawa oili kwenye gia, na solenoidi, valvu zake za umeme, zinakwama. Mimi nasema giaboksi iliyokwisha kuonyesha dalili isiguswe kabla haijapimwa.

FUNDI WA GIABOKSI, DAR ES SALAAM
Kuhusu mashine tuko pamoja, sizitetei. Lakini mkuu, gari hilo halikuuawa na oili mpya, lilikuja likiwa linakufa. Hapa njia ni kumwaga na kujaza. Kwa giaboksi ya ukubwa wa Mark X zinatoka kama lita 3 hadi 4 kati ya 7 au 8, nyingine inabaki kwenye konveta na rejeta. Ukichukulia kila mara inatoka asilimia 40, baada ya mara tatu oili ya zamani iliyobaki ni kama asilimia 22. Acha gari litembee wiki moja au mbili kati ya mara moja na nyingine, giaboksi haishtuki.

Mara ya kwanza shusha sampo, bakuli la oili lililo chini ya giaboksi. Angalia sumaku iliyo ndani yake: uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, osha urudishe. Vipande vya chuma, au tope jeusi jingi linalonuka kuungua, hapo mwambie mwenye gari ukweli kabla hujafungua kopo jipya. Rangi peke yake isikutishe, WS inakuwa nyeusi mapema.

FUNDI UMEME WA MAGARI, MWANZA
Mnabishana kuhusu oili, lakini nyingi ya giaboksi hizi zinaharibiwa na kipimo. Fundi anamwaga, anarudisha kiasi kilekile kwa macho, anafunga. Oili ikipungua, pampu inavuta hewa na klachi zinateleza. Ikizidi, inapigwapigwa mpaka inatoa povu, matokeo ni yaleyale.

Kipimo ni joto. Gari likae tambarare, likinyanyuliwa linyanyuliwe pande zote nne. Washa injini ikiwa ya baridi, AC izimwe, pitisha gia taratibu kutoka P hadi D na kurudi P. Chomeka mashine ya kusoma kompyuta ya gari uone joto la oili ya giaboksi. Kwenye nyingi za Toyota hizi, nati ya kufurikia, ya tundu linalotoa oili iliyozidi, inafunguliwa oili ikiwa nyuzi 40 hadi 45, injini ikinguruma bila kukanyagwa mafuta. Ikitiririka, subiri hadi ianze kudondoka matone, funga. Isipotoka kitu, ongeza. Oili ikifika nyuzi 70 imeshatanuka. Ukipima hapo utaiacha pungufu.

Na kuna giaboksi za gari la kuvuta mbele ambazo nati ya kumwagia na ya kufurikia ni tundu moja, ndani yake mna kibomba kinachofunguliwa kwa elenki (ufunguo wa pembe sita) ya milimita 6. Asiyekijua anaona kikombe kimoja cha oili, anadhani yote imetoka. Asiyekirudisha anaimwaga yote wakati wa kupima.

FUNDI, NAKURU
Hilo la joto nakubali bila ubishi. Kwenye giaboksi inayoteleza bado sijahama: kwanza zisomwe kodi za hitilafu kwenye kompyuta ya gari, sampo ishushwe, mteja aelezwe kwa maandishi. Na oili ya "inafaa magari yote" siitumii. WS ni nyepesi kuliko T-IV, oili ya Toyota ya zamani, hazichanganywi, na gari lenye CVT, giaboksi ya mkanda isiyo na gia za hatua, lina oili yake tofauti kabisa.

FUNDI WA GIABOKSI, DAR ES SALAAM
Sawa kaka. Niongeze moja: fungua nati ya kujazia kabla ya kugusa ya kumwagia. Ikiwa imeshika kutu na haifunguki, heri ujue mapema, oili ikiwa bado iko ndani.