Wi-Fi haifiki vyumba vya nyuma, nisaidieni

Babake_Shiku: Habari zenu wandugu. Niko Kasarani, nina intaneti ya faiba, kasi Mbps 20. Ruta iko sebuleni. Pale mbele video zinacheza bila shida, lakini vyumba vya nyuma ni mpaka mtu asimame mlangoni mwa choo ameinua simu juu. Nimefikiria ekstenda tatu, vile vifaa vya kurefusha Wi-Fi. Zitatosha? Nijibuni haraka, kuna watu wananisumbua.

Fundi_Luthuli: Umbali gani? Na kuta ni za nini?

MamaMapacha: Mimi ningekushauri uiache hivyo hivyo. Kwangu tulileta ekstenda, ikawa watoto hawalali. Saa nane za usiku nasikia vicheko chini ya blanketi. Siku hizi naichomoa saa tatu, nalala nayo chini ya mto.

Babake_Shiku: Asante mama, lakini si watoto. Kuta ni za mawe. Nyuma ni mabati. Kama mita 30 hivi.

Fundi_Luthuli: Mabati? Bwana, ni nyumba gani hiyo ya mawe yenye vyumba vya kulala vya mabati mita 30 nyuma? Sema ukweli ndio tukusaidie. Mawe yanapunguza mawimbi, lakini bati linayarudisha yalikotoka.

Babake_Shiku: Sawa. Ni vyumba vya wapangaji, vinane. Nimewaongezea kodi 300 kila mmoja, Wi-Fi ikiwa ndani. Watano wameshalipa. Si biashara, ni kusaidiana tu. Na ekstenda nimeshalipia nusu, kwa hivyo msiniambie nisinunue.

Otieno_wa_Kona: Kusaidiana kwa 300 😂 Siku ya mechi ya Gor na Ingwe hiyo ploti itawaka moto.

Sheria_Kwanza: Kuuza intaneti bila leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ni kosa. Pia soma mkataba wako, faiba ya nyumbani kwa kawaida hairuhusiwi kuuzwa kwa wengine.

Babake_Shiku: Nani ameuza? Ni kodi.

Fundi_Luthuli: Mimi najibu ya waya tu. Ekstenda ya bei rahisi hupokea na kutuma kwa redio ile ile, kwa hivyo kasi inashuka karibu nusu. Ukiunganisha tatu kwa mfuatano, wa mwisho anaramba sahani. Vuta kebo ya mtandao, ile ya Cat6, kutoka kwenye ruta, inafika mita 100 bila shida. Chukua ya nje, ya shaba tupu, maana ile ya alumini iliyopakwa shaba ni hasara. Mwisho wake weka akses pointi, kifaa cha kurusha Wi-Fi, upande wa ndani wa mabati. Masafa ya 2.4 GHz yanapenya vizuri kuliko ya 5, na chaneli chagua 1, 6 au 11. Ila piga hesabu: video safi moja inakula kama Mbps 5. Wanne wakiwasha, 20 zako zimeisha, na wewe sebuleni umebaki na kiduara kinazunguka.

Mpenda_Ushahidi: Ngojeni kidogo. Huyu si yule aliyekuwa hapa juzi analia eti mwenye nyumba amempandishia kodi? Leo ana ploti ya vyumba vinane? Hii hadithi ya kutunga, au anatafutia mtu soko la ekstenda.

Otieno_wa_Kona: Nilijua! Leta picha ya ruta.

Babake_Shiku: Sina haja ya kudanganya mtu. Ploti ni ya baba mkwe, mimi naisimamia na kukusanya kodi. Hata hapa mbele nimepanga kwake. Ndiye aliyenipandishia.

MamaMapacha: Na hiyo 300 mzee anaijua?

Babake_Shiku: Hayo ni mambo ya familia. Fundi, hizi ekstenda duka linaweza kunirudishia pesa?

Fundi_Luthuli: Ukiwa na risiti, jaribu. Imeandikwa jina la nani?

Babake_Shiku: La mzee.

Otieno_wa_Kona: 😂😂😂