Familia ya Wete: karafuu moja na penseli

Salma: Asalaam aleykum nyote. Leo mvua imetuzuia kwenda bondeni, nikachukua karafuu moja kwenye mkebe wa viungo nikaichora, kubwa ya kujaa ukurasa. [picha]

Mama Mkubwa: Waaleykum salaam mwanangu. Mashaallah! Nafasi unaipata wapi masika haya? Mpunga unataka palizi, nguo hazikauki, watoto wa kupeleka chuoni na kuwarejesha.

Salma: Shikamoo mama. Ni baada ya alasiri, chai ikiwa jikoni. Kitu kimoja tu, kisha nafunga daftari. Nikingojea siku isiyo na kazi, palizi itaisha, kuvuna kutaingia, halafu karafuu zenyewe.

Khamis: Da Salma, mbona kichwani umeitia meno manne?

Salma: Ndivyo ilivyo. Chukua nzima uitazame. Kile kidonge katikati ya meno ni ua ambalo halijafunguka. Huchumwa kabla halijachanua.

Rukia: Nimetazama, manne kweli! Na miaka yote nazianika majamvini.

Salma: Ndiyo raha yake hiyo. Jicho halipiti juu juu tena.

Mama Mkubwa: Ila mimi kuchora siwezi.

Rukia: Mama Mkubwa! Mabibi harusi wa mtaa huu kawatia hina nani? Ua la kiganjani huanza wapi?

Mama Mkubwa: Kwenye kikonyo. Kisha majani, ua mwisho.

Salma: Basi chora hivyo hivyo, penseli badala ya piko. Huna cha kujifunza upya.

Khamis: Mie nataka kuwachora popo wa msitu wa Kidike.

Ami Juma: Hapo umesema, mwanangu. Popo wa Pemba hayupo kwengine duniani ila kisiwani kwetu. Nenda mchana wakiwa wamening'inia, kaa mbali, usiwashtue. Mchore mmoja, umbo la nje tu, namna alivyojifunika mabawa. Akiyakunjua yanapita mita 1.5, usianzie huko.

Khamis: Wiki ijayo mtihani, ami.

Ami Juma: Basi popo wasubiri. Majongoo yamejaa kiambazani kwenu. Tazama miguu yake akitembea, inavyokwenda kama wimbi. Dakika chache, kisha urudi kwenye vitabu.

Salma: Jamani, nasema kwa moyo. Wakati huu wa pilika ndio kisiwa kimejaa: vyura bondeni, uyoga, majani mapya kila pahala. Tukiviwacha mpaka tupumzike, vitakuwa vishaondoka.

Rukia: Madaftari ya watoto yamekwisha lakini.

Ami Juma: Nina karatasi nyingi zilizochapwa upande mmoja. Aje mtu kuzichukua kabla ya magharibi.

Mama Mkubwa: Namtuma Khamis sasa hivi. Juma, mpe na kichongeo, changu hakina makali.