Naomba ushauri: mpunga unaostahimili kuzama majini

Wakuu, habari za majukumu. Nafundisha baiolojia kidato cha sita hapa Dodoma, na baadhi ya wanafunzi kwao ni Bahi, wanalima mpunga. Wameniuliza kwa nini miche ikifunikwa na maji hurefuka, hugeuka njano, kisha maji yakipungua inalala chini, ilhali kuna mpunga unaovumilia hadi wiki mbili.

Nilipofika: protini za kundi la ERF-VII (zinazowasha jeni nyingine) huvunjwa oksijeni ikiwepo, kwa sababu sisteini, asidi amino iliyo mwanzoni mwa protini hizo, huoksidishwa. Oksijeni ikipungua zinabaki, zinawasha jeni za uchachushaji (kupata nishati bila oksijeni), mmea unajisukuma kwa nishati kidogo. Hapo sawa. Kinachonitatiza ni SUB1A, jeni iliyotambuliwa 2006 kutoka mpunga wa India, FR13A. Ni ya kundi hilohilo, lakini nasoma kwamba protini yake haivunjwi kwa njia hiyo. Tena inauzuia mmea usirefuke ili utunze wanga wake!

Nilijaribu kuwaonyesha kwa ndoo: miche ya mpunga wa aina ya SARO 5 ndani ya maji ya bomba, juani. Majani yakajaa vipovu na kubaki kijani kabisa. Nahisi usanisinuru uliipa oksijeni.

Naomba msaada kwenye mawili. Je, kinachoiwasha SUB1A ni ethilini (homoni ya mimea iliyo gesi) inayonaswa ndani ya mmea uliozama, au kuna kingine? Na kwa sisi tusio na maabara ya maana, ndoo nizifunike giza au nitumie maji ya tope?